Shangingi la familia lisimeze mtaji wa shamba

Kila mwaka mauzo ya mazao yanapokamilika, kuanzia kahawa ya Mbozi hadi viazi vya Njombe, mjadala mmoja hurudi katika nyumba za wakulima waliobahatika kupata bei nzuri, na kwa wafanyabiashara wadogo waliouza vizuri pamoja nao. Baba anataka gari la kupita njia ya shambani. Mama anataka gari litakalowabeba watoto wote, bibi yao na mizigo ya sikukuu. Watoto wanataka kama lile waliloliona kwa mkuu wa wilaya. Mara nyingi mjadala huo huishia kwenye gari moja: Toyota Land Cruiser Prado ya milango mitano, yenye safu tatu za viti, iliyokwisha kutumika Japan.

Si ajabu ukaishia hapo. Kwa miaka mingi Watanzania wameyaita magari ya jamii hii mashangingi, na yamekuwa alama ya ukubwa kiasi kwamba Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya mwaka 2008 na 2015, aliyapigia kelele serikalini kutokana na gharama zake. Leo magari hayo yamejaa katika yadi za Dar es Salaam, na mtu wa kawaida mwenye mavuno mazuri anaweza kulinunua moja. Lakini swali lililoihusu serikali ndilo linalomhusu mkulima: gari hili linakula kiasi gani, na linarudisha nini?

Ni vyema ikaeleweka mapema kwamba gari lenyewe si baya. Ni miongoni mwa magari machache yanayoweza kubeba familia kubwa na wakati huo huo kupita barabara ya kijijini mwezi wa Machi. Kasoro iko kwa wanunuzi wanaolipima kwa macho na kwa sifa za vijiweni, badala ya kulipima kwa daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayopotea kimya kimya kama gari.

Kwanza mnunuzi ajue analolinunua. Prado inayofahamika kwa namba 90 ilitoka mwaka 1996, ikafuatiwa na ya 120 mwaka 2002, kisha ya 150 mwaka 2009. Ya 250 ilizinduliwa mwaka 2023 na bado iko mbali na mfuko wa mkulima. Kwa hiyo anayezungumzia Prado ya kuagiza au ya mkononi kwa fedha za mazao, kwa kawaida anazungumzia 90, 120 au zile za mwanzo za 150.

Sifa ya njia mbaya ni ya kweli. Bodi ya gari hili imekaa juu ya chesisi kama lori, magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na kuna gia ndogo ya kupandia mlima na kujinasua kwenye matope. Difu ya kati inaweza kufungwa ili nguvu isipotelee upande unaoteleza. Tumbo lake liko juu ya ardhi kiasi cha sentimita 22, wakati gari dogo la familia huwa na sentimita 15 hivi. Tofauti hiyo ya sentimita saba ndiyo inayoamua kama gari litapita kwenye makorongo yaliyochimbwa na malori ya mbao au litakaa juu ya tuta likisubiri trekta.

Hata hivyo, sifa hiyo isimpe mtu kiburi. Hakuna gari la familia lililoundwa kupambana na mto uliovuka barabara. Kila masika nchi hii huzika watu waliodhani gari kubwa halisombwi na maji. Gari zito likishaanza kuelea huwa jepesi kama boti, na watoto walioketi safu ya tatu ndio wa mwisho kutoka.

Hapo ndipo inapofaa kuitazama safu hiyo ya tatu kwa makini, maana ndiyo inayolipiwa. Katika 90 na 120 nyingi, gari huhesabiwa kuwa la watu wanane: wawili mbele, watatu katikati na watatu nyuma. Katika 150, idadi hiyo ni saba. Hesabu hiyo ni ya kwenye karatasi. Mtu mzima akikaa nyuma kabisa, magoti hupanda karibu na kidevu kwa sababu sakafu iko juu na kiti kiko chini. Kutoka Makambako hadi mashambani anaweza kuvumilia. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam hatavumilia. Safu hiyo ni ya watoto, na mnunuzi mwenye wazazi wazee wa kuwapeleka hospitali ajue kwamba watakaa katikati.

Mizigo ni suala jingine. Viti vya nyuma vya 120 hukunjwa na kuinuliwa pembeni, vikala nafasi ya pande zote mbili. Katika 150 huzama sakafuni na kuacha sehemu tambarare, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa mfanyabiashara anayebeba bidhaa siku za kazi na watoto siku ya Jumapili. Lakini katika matoleo yote, viti vya nyuma vikiwa vimekaliwa, nafasi ya mizigo inayobaki ni ya mabegi machache ya shule. Mengine yote huenda juu ya paa, na gari refu lenye mzigo juu ya paa hupinduka kirahisi kwenye kona.

Uzito nao unasahaulika. Gari la aina hii, likiwa tupu, lina karibu tani mbili, na kwa kawaida halikuundwa kuongezewa zaidi ya kilo 600 hivi, watu na mizigo pamoja. Kitabu cha gari husika ndicho kinachotoa tarakimu kamili. Watu wazima wanne wa kilo 70 na watoto wanne wa kilo 35 wanafikisha kilo 420. Wakiongezewa magunia mawili ya mahindi ya kilo 100 kila moja, kikomo kimevukwa. Magunia hayo yakiwa ya viazi vilivyofungwa lumbesa, uzito haujulikani kabisa. Springi zikilala, breki zikichelewa kushika na tairi zikipasuka mteremkoni, lawama huelekezwa kwa gari, kumbe mwenye makosa ni aliyepakia.

Baada ya viti, injini. Eneo hili ndilo linalowatia hasara wengi, kwa sababu kijiweni Prado ni Prado, lakini gereji kila injini ina tabia yake. Dizeli ya 3.0 inayoitwa 1KZ-TE, iliyofungwa katika 90 za mwanzo, ni imara na mafundi wengi wanaijua, lakini haisamehe joto. Rejeta ikiziba au maji yakipungua, silinda hedi hupata ufa. Mnunuzi akikuta maji ya rejeta yana mafuta, au yanatoa mapovu injini ikinguruma, aage kwa heshima na kuondoka.

Dizeli iliyofuata, 1KD-FTV, ilianza kufungwa mwaka 2000 na ina nguvu zaidi kwa mafuta kidogo. Udhaifu wake unaojulikana ni nozeli na vishikizi vyake vya shaba. Vikianza kuvujisha, masizi huchanganyika na oili na hatimaye huziba kichujio cha chini kinachonyonya oili. Injini hukosa oili na kufa ghafla. Dalili za mapema ni kugonga injini inapowashwa asubuhi na moshi mweupe. Injini hizi mbili pia zina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hadi 150,000, kulingana na maelekezo ya kitabu. Asiyeoneshwa kumbukumbu ya kubadilishwa kwake ahesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama hiyo aitoe kwenye bei.

Petroli ya 2.7 ndiyo yenye matatizo machache zaidi. Inatumia cheni badala ya mkanda na fundi wa wilayani anaimudu. Kasoro yake ni kwamba hulemewa milimani gari likiwa limejaa, na dereva anayekanyaga sana ataziona lita zikiyeyuka. Petroli ya 4.0 yenye silinda sita ina nguvu za kutosha na zaidi, lakini ni gari la mtu asiyeuliza bei kituoni.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Toyota iliacha kuuza Prado ya dizeli katika soko la Japan mwaka 2007, ikairudisha mwaka 2015 ikiwa na injini mpya ya 2.8. Kwa hiyo Prado ya miaka hiyo ya kati inayotoka Japan ni ya petroli. Anayeahidiwa dizeli ya Japan ya mwaka 2010 aulize mara mbili. Na hizo za dizeli za 2015 na kuendelea zina kichujio cha moshi na tangi la kimiminika cha urea. Ni teknolojia nzuri kwa hewa ya mjini, lakini inahitaji dizeli safi na fundi mwenye kompyuta. Anayejaza mafuta ya madumu kijijini hapaswi kulisogelea gari hilo.

Sasa bei. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, na Uganda tangu mwaka 2018 inakataa lenye miaka 15 na zaidi. Tanzania hailizuii gari kuukuu, bali inalitoza zaidi. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari lenye thamani ya Sh. 100 bandarini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ikawa Sh. 125. Injini ikizidi ujazo wa sisi 2,000, kama zilivyo za Prado, kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na gari likizidi miaka 10 kuna asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Inafika Sh. 175. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 huifikisha Sh. 206.50, kabla ya tozo ndogo ndogo, usajili na malipo ya wakala.

Kwa maneno mengine, kodi ni kubwa kuliko gari. Na thamani inayotozwa si ile iliyoandikwa kwenye risiti ya muuzaji, bali ile iliyomo katika orodha ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye tovuti ya mamlaka hiyo kabla ya kutuma hata senti. Viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni, hivyo kuuliza ni lazima. Inasikitisha kwamba bado wapo wanaotuma fedha Japan kwanza na kuuliza kodi meli ikiwa imeshafika, kisha gari likabaki bandarini likiongeza gharama za kuhifadhiwa huku mwenyewe akitafuta wa kumkopesha.

Gharama ya kulinunua hulipwa mara moja. Ya kulitunza hulipwa kila wiki. Chukua familia inayotembea kilomita 20,000 kwa mwaka. Prado inayokwenda kilomita nane kwa lita itakunywa lita 2,500. Lita moja ikiwa Sh. 2,800, hiyo ni Sh. milioni 7. Gari la familia linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia lita 1,667 hivi, yaani Sh. milioni 4.7. Tofauti ya Sh. milioni 2.3 kila mwaka ni mbegu na mbolea za eka kadhaa, au ada ya mtoto. Bei halisi ya mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, na kila mnunuzi anaweza kurudia hesabu hii kwa bei ya wilaya yake. Hapo bado tairi nne kubwa, shokapu, breki na bima.

Wapo wanaojifariji kwamba gari litajilipia lenyewe kwa kukodishwa kwenye harusi na safari za watu. Hawa wakumbuke kwamba bima ya gari binafsi haimlindi abiria aliyelipa nauli, na kwamba biashara ya abiria inahitaji leseni ya LATRA. Ajali moja ya gari lililokodishwa kienyeji inaweza kuuza shamba zima.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Prado ikitunzwa huuzika haraka na kwa bei nzuri kuliko nyingi za rika lake. Vipuri vyake, vipya na vya mtumba, vinapatikana karibu kila mji wenye soko. Kwa familia inayoishi mwisho wa barabara ya udongo, ambako mjamzito hawezi kungoja mvua ikatike, gari hili si anasa. Hesabu ya mafuta haiwezi kupima usiku kama huo.

Ndiyo maana ulinganisho ni muhimu. Toyota Noah inabeba watu wanane kwa raha zaidi na mafuta kidogo zaidi, na kwa anayeishi kando ya lami au changarawe nzuri hakuna sababu ya kuikwepa. Tumbo lake fupi ndilo linaloikwamisha. Hilux ya milango minne inabeba mzigo mzito wa shamba, lakini ina viti vitano tu, na mtoto wa sita hapaswi kuketi kwenye bodi. Land Cruiser ndefu ya mabenchi, inayopendwa na hospitali na mashirika, haichoki, ila watoto huketi ubavu na huo si mkao salama gari linapogonga.

Katika kundi la Prado lenyewe, Mitsubishi Pajero ina safu ya tatu inayozama sakafuni na bei ya chini zaidi, ila uundaji wake ulikoma mwaka 2021. Nissan Patrol ya Y61 ni ngumu kweli kweli, lakini nzito na yenye kiu. Land Rover Discovery 3, iliyotoka mwaka 2004, ndiyo yenye safu ya tatu ambayo mtu mzima hukaa kwa adabu. Hata hivyo, springi zake za hewa na umeme wake mwingi vinahitaji mtaalamu ambaye mara nyingi yuko mjini, na mkulima hawezi kulivuta gari kilomita 300 kwa sababu ya taa moja kwenye dashibodi.

Aliyekwisha kuamua kununua afanye mambo machache bila haya. Aje asubuhi injini ikiwa baridi, naye ndiye aiwashe. Aende na fundi wake, si fundi wa muuzaji. Alale chini aangalie chesisi, kwa sababu magari yaliyotoka maeneo ya theluji ya Japan hupata kutu ya chumvi inayofichwa kwa rangi nyeusi. Ajaribu gia ndogo na kufunga difu, maana kwa gari lililokaa mjini miaka kumi vifaa hivyo huwa vimeganda. Kama springi za nyuma ni za hewa, aangalie kama gari limelala upande mmoja baada ya kuegeshwa usiku. Aombe karatasi ya mnada wa Japan alinganishe kilomita, kwani za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma. Afungue viti vyote vya safu ya tatu na kuvuta kila mkanda. Mara nyingi viti hivyo huwa vimeng'olewa na kupotea, au mikanda imekatwa, na hapo familia inakuwa imelipia safu tatu na kupata mbili. Mwisho, namba ya chesisi ilingane na kadi, na kadi ihakikiwe TRA kabla ya fedha kutoka.

Lakini sharti kubwa kuliko yote haliko kwenye gari. Liko kwenye kalenda. Fedha za mavuno zina kazi tatu ambazo hazisubiri: pembejeo za msimu ujao, ada za shule na akiba ya mwaka wa mvua mbaya. Mfanyabiashara naye ana mzigo wa kujaza dukani. Gari linunuliwe kwa kile kinachobaki baada ya hayo, likiwa na akiba yake ya matengenezo pembeni. Anayechukua mkopo wa SACCOS uliokusudiwa mbolea akaugeuza kuwa magurudumu, mwezi wa Novemba atakuwa na gari linalopita kila njia na shamba lisilokuwa na cha kupandwa.

Vyama vya ushirika na SACCOS navyo vina wajibu. Visiishie kuuliza dhamana tu. Vimtake mwanachama anayeomba mkopo wa gari aandike kilomita atakazotembea, lita atakazonunua na chanzo cha fedha hizo kwa miezi 12. Karatasi moja kama hiyo itaokoa ndoa nyingi na mashamba mengi.

Familia ya mkulima ina haki ya kusafiri kwa usalama na heshima kama familia ya kiongozi yeyote. Haki hiyo itadumu pale tu gari litakapochaguliwa kwa barabara inayopitwa kila siku, si ile ya mara mbili kwa mwaka, na kwa fedha ambazo shamba limeshamaliza kazi nazo.